Viporo

Saa moja na nusu, Mtumba. Upepo umefika kazini kabla yangu,
umeshatandaza vumbi jekundu juu ya kila kibodi.
Nafungua kauntabuku la kwaya tatu
nililolipiga mistari kwa rula: Leo. Subiri. Kesho.
Huo ndio mfumo wangu. Ule mwingine, wa wizara,
uko chini tangu Ijumaa.

Wanasema asemaye kesho ni mwongo,
basi safu ya tatu nimeibatiza Mwongo.
Ndiyo inayojaa kuliko zote.

Ghorofa ya pili, masjala: printa inatafuna barua.
Bi. Nyamizi anaapa haijaguswa na mtu.
Hazijawahi kuguswa na mtu. Mashine za ofisi hii
hujiharibu zenyewe, usiku, kwa siri.
Leo.
Uhasibu: Bwana Mwakatobe kasahau nywila, mara ya nne mwezi huu.
Leo, tena kabla ya chai,
maana akinuna posho zetu hupotea njia.
Ukumbi wa mikutano: projekta inaonyesha kila uso kwa rangi ya kijani.
Subiri. Taa yake iko Dar es Salaam,
na barua ya kuiomba iko masjala, ndani ya printa.

Ndahani, kijana wa mafunzo kwa vitendo, ananicheka:
dada, siku hizi kuna programu, zinapanga zenyewe,
zinakukumbusha kwa kengele.
Najua. Nilikuwa nayo. Ilinikumbusha mpaka nikaizima.
Karatasi haina kelele. Kiporo unakiandika upya kwa mkono,
kila asubuhi, kilekile,
na mkono ukichoka ndipo unajua
kazi hii unaifanya au unaifuta.

Kuna mstari mmoja niliuhamisha wiki tisa.
Simu ya mama, haisikiki.
Februari, Mwongo. Machi, Mwongo.
Mwandiko ukazidi kuwa mdogo,
mwisho nikaandika sm. mama tu,
kama mtu anayenong'ona deni.

Jumamosi moja nikaenda Handali
na bisibisi tatu, spika ya akiba, brashi ya vumbi.
Akanipokea kwa mlenda na ugali wa uwele,
simu akailaza kwenye kigoda, juu ya kitenge, kama mgonjwa.
Nikazima, nikawasha. Kanuni ya kwanza.
Nikapandisha sauti mpaka ikagoma kupanda.
Nikatoka, nikasimama nyuma ya zizi, nikapiga.

Niliisikia kutoka kule. Mbuzi waligeuza vichwa.
Mama alikuwa mlangoni, hatua nne kutoka kwenye kigoda,
anapepeta ufuta,
ananitazama, anatabasamu,
anasubiri ilie.

Spika nilirudi nayo mjini, ndani ya nailoni yake.

Jumatatu nikatafuta safu.
Subiri? Nimsubiri nani?
Nikageuza ukurasa, ukurasa mzima, bila rula:
Sikio la mama. Hospitali ya mkoa, Alhamisi, saa mbili.
Ndahani ashike zamu.

Daktari alitumia neno taratibu, mara tatu.
Sikuuliza taratibu kuelekea wapi.

Siku hizi nikimpigia, binti wa jirani humgusa bega.
Mimi natoka koridoni, napaza sauti
kwa Kigogo, kikikwama naongeza Kiswahili,
na bado inabidi nirudie.
Milango imezoea, haifungwi tena.
Bwana Mwakatobe, asiyeijua nywila yake mwenyewe,
anajua bei ya ufuta Handali,
anajua mbuzi gani kazaa pacha.
Juzi kanisimamisha kwenye ngazi:
vipi, mvua imefika kwa mama?

Nikamwambia bado.
Na printa?
Bado.